VLAN ni nini? Namna ya kugawanya swichi moja kuwa mitandao tatu

Hospitali inanunua swichi moja ya tundu 24. Kompyuta ya kesi, ile yenye fishi za wagonjwa, na wifi ya wageni, zote zinaungwa pale. Siku moja mgeni anaingia na simu yenye virusi, ama mtu tu anapenda kuchungulia. Juu wote wako kwenye mtandao mmoja, njia ya kufika kwenye kesi iko wazi. VLAN inafunga njia hiyo, bila kununua swichi ya pili.

Inafanya kazi namna gani

Ni kama nyumba moja yenye kujengwa kuta ndani: paa ni moja, lakini wa chumba hiki hawaone wa chumba kile. Kila VLAN inapewa namba, kuanzia 1 hadi 4094. Kwa kawaida swichi mpya inakuja na tundu zote ndani ya VLAN 1. Kanuni yake, IEEE 802.1Q, ilitoka mwaka 1998: inaongeza baiti 4 kwenye data ili namba ya VLAN ijulikane. Angalisho: swichi za bei ya chini ambazo mtu hawezi kuingia ndani na kuzipanga, haziwezi kazi hii.

Hatua tano

1. Andika kwanza kwenye karatasi: VLAN 10 kesi, 20 fishi, 30 wageni, na tundu za kila moja.
2. Tengeneza VLAN. Kwa swichi za Cisco: `vlan 10`, kisha `name KESI`.
3. Ingia kwenye tundu, andika `switchport mode access`, kisha `switchport access vlan 10`.
4. Waya unaounga swichi na swichi, ama swichi na ruta, unapashwa kupitisha VLAN zote: `switchport mode trunk`.
5. Hifadhi: `copy running-config startup-config`.

Pale watu wanakosea

Hatua ya 5 ndiyo inasahauliwa, na kwetu umeme unakatika kila mara. Ukirudi, swichi inasoma mpango wa zamani: tundu zinarudi VLAN 1, wageni na kesi wako pamoja tena. Kwa kutegemea namna ruta imepangwa, intaneti inaweza kuendelea kutembea, na hapo hakuna mtu anayeshtuka.

Kosa la pili liko kwenye ruta. VLAN mbili haziongei bila ruta, lakini ruta ikiunga zote bila kuwekewa makatazo, inafungua mlango kati ya vyumba.

Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Unga kompyuta kwenye wifi ya wageni, andika `ping` na anwani ya kompyuta ya kesi. Ikijibu, ukuta una tundu. Isipojibu, rudilia jaribio kutoka VLAN ya kesi: hapo inapashwa kujibu. Kisha zima swichi, iwashe, jaribu tena. Fanya hivyo saa ambayo kazi imepungua, na karatasi ya hatua ya 1 ibaki karibu na swichi kwa fundi atakayefuata.