Anafilaksisi: mzio wa dharura

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni, foleni ya kuingia kisiwani Mombasa imefika Kibarani na magari hayasogei. Abiria wa matatu ananunua korosho dirishani. Muda si muda anajikuna mwili, midomo imemvimba, sauti imemkauka na pumzi inatoka kwa mluzi. Makanga anaita watu. Wanajaa, kila mmoja na dawa yake: mpeni maziwa, msimamisheni apate hewa, huyu kalishwa sumu! Askari wa trafiki aliye hatua chache tu analishika hilo neno la sumu, na jicho lake linamwendea muuza korosho.

Kinachomsibu abiria huyo madaktari hukiita anafilaksisi. Neno lilibuniwa Ufaransa mwaka 1902 na Charles Richet na Paul Portier, waliokuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wanaochoma kama yavuyavu wetu. Walitaka kuwazoesha mbwa sumu hiyo kidogo kidogo ili wapate kinga. Mbwa mmoja, Neptune, alidungwa mara ya kwanza akawa salama. Siku 22 baadaye alidungwa kipimo kilekile, naye akafa baada ya kama dakika 25. Mwili uliotarajiwa kujikinga ulikuwa umejigeuka, ndiyo maana wakaunda neno la Kigiriki lenye maana ya kinyume cha kinga. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Sisi tuna mzio, neno ambalo Pwani lilitumika kwa chakula cha mwiko au kisichopatana na mtu kabla halijawa istilahi ya hospitali. Mtu akisema kamba ni mzio wake, hakuna anayeomba tafsiri. Shida ni jina la daraja la juu yake, ambalo askari kama yule wa foleni atalielewa mara moja. Wengine huandika "mzio mkali", lakini mtu akiwashwa usiku kucha naye atasema mzio wake ni mkali, na hafi. "Mshtuko wa mzio" umeenea zaidi vitabuni, nao mimi siupendi: kwa msikilizaji wa kawaida mshtuko ni kushtuka, na kwa daktari ni kuporomoka kwa shinikizo la damu, ilhali mgonjwa anaweza kufa kwa kuzibwa koo kabla shinikizo halijashuka. Nilifikiria pia "mzio wa mwili mzima". Hapo vipele vya mgongoni na miguuni vitatosha kumdanganya askari.

Vitabu vya udaktari vibaki na anafilaksisi. Askari apewe "mzio wa dharura". Dharura analijua tangu chuoni, na analijua kama amri. Atakachofundishwa kukitafuta ni kitu kilicholiwa, kilichouma au kilichodungwa, kisha ghafla pumzi kubana, koo au ulimi kuvimba, au mtu kulegea na kuzirai, mara nyingi pamoja na vipele, ingawa vipele vyaweza kukosekana.

Haraka yenyewe ina hesabu. Uchunguzi wa vifo vya namna hii uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 na Pumphrey ulikuta moyo au pumzi husimama, kwa kadiri, dakika 30 baada ya chakula, 15 baada ya kuumwa na mdudu kama nyuki, na 5 baada ya dawa ya sindano. Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022 limepunguza adha, lakini jioni ya foleni dakika 30 zaweza kuishia barabarani kabla ya kufika Hospitali Kuu ya Pwani.

Dawa ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Hali isipotulia, dozi hurudiwa baada ya dakika 5 hivi. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Kenya. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aachwe akae, ila asisimamishwe. Kwa askari, kalamu ya kujidungia yenye kipimo tayari ni salama kuliko kuvunja chupa na kuvuta dawa gizani. Ila isiachwe ndani ya gari linalochomwa na jua la Changamwe, kwani joto kali huiharibu.

Jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2016 kuruhusu polisi waliofunzwa kubeba na kudunga dawa hii. Kwetu Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inayahesabu hata yale yanayotolewa kabla ya kufika hospitali. Mlango uko wazi. Kilichobaki ni kibali cha dawa, mafunzo na bajeti.

Walimu wa chuo cha polisi cha Kiganjo, mkiandika somo la mafunzo hayo, liandikeni kwa Kiswahili. Nawe msomaji unayejua korosho au kamba ni mzio wako, mwambie unayesafiri naye kabla gari halijaondoka.