Calestous Juma, profesa aliyechunguza kwa nini mashine zinakwama

Hapa Baraka, wenye vinu vya kusaga muhogo wanajua: mazutu ikipanda bei, kusaga nako kunapanda. Na mota ikikufa, kipande cha kubadilisha kinatoka mbali, fundi naye unamtafuta. Nani anatengeneza mashine, na ujuzi wake unabaki kwa nani? Hayo ndiyo maswali aliyoyafanyia kazi Profesa Calestous Juma wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1953 upande wa Budalangi, kando ya Ziwa Viktoria, mtoto wa seremala. Alifundisha shule ya msingi kule Mombasa, kisha akaandika habari za sayansi katika gazeti la Daily Nation. Ndiyo, alikuwa mwandishi wa habari kama sisi.

Kazi yake ya udaktari, katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, ilihusu etanoli. Ni pombe kali inayotoka katika molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikiisha kutoa sukari, na inachanganywa na esansi ya magari. Huko Triangle, Zimbabwe, kiwanda kilianza mwaka 1980. Nchi ilikuwa inatoka katika vikwazo, kwa hiyo vipande vingi vilitengenezwa palepale na mafundi wa kwao walishiriki tangu mwanzo. Kisumu, Kenya, mradi ulikuwa mkubwa na wa gharama, ukategemea makampuni ya nje, ukasimama kabla ya kumalizika. Miwa ilikuwepo pande zote mbili. Wanaokumbuka sukari ya Kiliba, karibu na Uvira, wanajua kwamba shamba peke yake halileti kiwanda.

Mwaka 1988 Juma alianzisha mjini Nairobi kituo cha ACTS, cha kuchunguza siasa za teknolojia Afrika. Baadaye akaongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mkataba wa viumbe hai, halafu akafundisha Harvard, Marekani.

Kitabu chake cha mwaka 2016, *Innovation and Its Enemies*, kinaeleza kwa nini watu wanakataa vitu vipya. Mfano mmoja ni Edison mwenyewe, baba wa taa ya umeme: aliwatisha watu juu ya umeme wa aina nyingine, sababu ulikuwa unatishia biashara yake. Juma hakuwaita wanaokataa wajinga. Aliuliza kwanza wanaogopa kupoteza nini, mwenye kuuza makala ao mwenye kuuza mazutu.

Alifariki tarehe 15 Desemba 2017, akiwa na miaka 64.