Noeli Haianzi Mwezi wa Desemba

(Mazungumzo ya redioni. Masomo: Isaya 40:1–5, Luka 14:28–30)

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya Noeli. Labda mmoja atacheka na kusema, "Mchungaji, huu ni mwezi wa Septemba. Noeli ya wapi?" Ndiyo maana twazungumza sasa. Sisi tunaokaa Wenje na ukingoni mwa mto Tana, toka Hola mpaka Garsen, twajua kwamba mtu anayengoja Desemba ndipo aanze kujiandaa, huyo amekwisha kuchelewa.

Sababu ya kwanza ni mto wenyewe. Maji ya Tana hutoka mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mvua za vuli zikinyesha huko juu, mto huweza kufurika hapa kwetu hali mbingu yetu ni nyeupe na vumbi bado liko njiani. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961. Wengi wetu twayakumbuka ya mwaka 1997, yaliyoitwa El Niño, yaliyoanza mwezi wa Oktoba na kupita hata mwaka mpya. Na mwezi wa Novemba 2023 maji yalipanda tena, watu wakahama nyumba zao. Katika miaka kama hiyo, Noeli hutukuta barabara imekatika, unga na sukari vimepanda bei, na jamaa walioko Mombasa au Malindi hawawezi kufika. Mkulima wa mtoni haanzi kutafuta jembe baada ya maji kuja. Huliandaa shamba lake mapema, akaweka mbegu mahali pakavu, akangoja. Mbona tunalolijua kwa mpunga twalisahau kwa sikukuu ya Bwana wetu?

Hata wale walioleta Injili katika mto huu walijifunza jambo hilo. Wamethodisti walianza kazi Golbanti katika miaka ya 1880, na mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen, kutoka Ujerumani, wakafika Ngao. Siku hizo hapakuwa na barabara ya magari. Mzigo ulikuja kwa meli toka Ulaya hata pwani yetu, kisha ukachukuliwa kwa jahazi toka Lamu mpaka Kipini, ukapanda mto Ozi mpaka Kau, ukapita katika mfereji wa Belezoni kuingia Tana. Toka hapo ulipandishwa kwa mitumbwi ya Wapokomo, watu wakisukuma kwa upondo na kafi. Mtu aliyetaka kitabu au kitambaa kwa ajili ya Desemba ilimbidi aandike barua yake miezi mingi kabla. Safari ndefu iliwafundisha kufikiri mapema.

Lakini, wapendwa, tukiitazama historia ya Kanisa tutaona kwamba matayarisho ya Noeli ni ya zamani zaidi, tena hayakuanza kwa ajili ya mizigo. Habari ya kwanza iliyoandikwa ya Kanisa la Roma kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba ni ya mwaka 336. Baadaye Wakristo wakaona kwamba sikukuu kubwa namna hii haiingiliwi ghafula, kama mtu anayejikwaa mlangoni. Katika karne ya 5, Perpetuus, Askofu wa Tours katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliagiza watu wafunge siku tatu kila juma, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, mpaka Noeli. Katika karne ya 6 maaskofu waliokutana Mâcon, katika nchi hiyo hiyo, walilitia nguvu jambo hilo: watu wafunge Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hesabuni wenyewe. Toka tarehe 11 Novemba mpaka mkesha wa Noeli ni siku 44.

Huko Roma desturi ikatulia kuwa Jumapili nne, ndizo hizi Jumapili nne za Majilio tunazozishika sisi Waanglikana. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Mashariki hufunga siku 40. Na jirani zetu wa kaskazini, Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, hufunga siku 43, wakiita mfungo wa Manabii, kabla ya sikukuu yao ya tarehe 7 Januari.

Hapa, wapendwa, tazameni vizuri. Matayarisho ya watu wa kale yalianza kwa kupunguza, hayakuanza kwa kuongeza. Leo, aliyekuwa Askofu wa Roma toka mwaka 440 hata 461, katika mahubiri yake ya mfungo wa Desemba aliwafundisha watu kwamba kile mtu alichojinyima kiwe chakula cha maskini. Basi kufunga hakukuwa kubana matumizi ili mtu ale zaidi siku ya sikukuu. Chakula kilitoka mezani kwako, kikaenda mezani kwa mwenzako. Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa mtoni, hawalishangai neno hili. Wanajua kwamba mfungo wa Ramadhani hutangulia Idi, na kwamba zaka ya fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye apate kufurahi siku ile. Sisi Wakristo twaweza kuona haya kidogo, kwa kuwa tumeishika sikukuu na kuuachilia mfungo.

Uingereza nako lilitokea jambo la kutufundisha. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio ina sala ya kumwomba Mungu aziamshe nia za watu wake, wapate kuzaa matunda ya kazi njema. Neno la kwanza la sala hiyo kwa Kiingereza laweza kuwa na maana ya kuamsha, tena laweza kuwa na maana ya kukoroga kwa mwiko. Basi watu walipolisikia kanisani walikumbuka jikoni! Wakaifanya Jumapili ile kuwa siku ya kukoroga ile keki nzito ya Noeli ya matunda makavu, ambayo hupikwa majuma kadhaa kabla ili iive ladha. Kukoroga keki si dhambi. Lakini tazameni jinsi sikio la mwanadamu lilivyo: sala yaomba matendo mema, nasi twasikia habari ya chakula.

Sasa, mtu atauliza, "Je, tusinunue kitu? Watoto wasivae nguo mpya?" La, hatusemi hivyo. Bwana wetu mwenyewe, katika somo letu la Luka, alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu ni jambo la kiroho. Na maskini wa nchi nyingi wamekuwa walimu wa jambo hili.

Katika karne ya 19 wafanyakazi wa Uingereza walikuwa na vyama vya bata bukini. Mtu aliweka peni chache kila juma kwa miezi mingi, na Noeli ilipofika akapewa bata wake bila deni. Nchini Uganda twawaona watu wakifanya vivyo hivyo mpaka leo. Kikundi cha majirani huchangia kidogo kidogo mwaka mzima, kisha hununua ng'ombe, wakachinja na kugawana nyama karibu na Noeli. Hapa kwetu akina mama wana vyama vyao, na vingine huweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu mbalimbali, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Msilidharau sanduku hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza, Farepak, iliyopokea akiba za watu kwa ajili ya Noeli, ilianguka. Watu zaidi ya laki moja, wengi wao wa kipato kidogo, waliziona akiba zao zikipotea majuma machache kabla ya sikukuu. Kujiandaa mapema peke yake hakutoshi. Yafaa mtu ajue pia ni nani ashikaye ufunguo.

Asiyeweka kidogo kidogo hukopa. Twaona mtu auza maembe yangali machanga mtini, kwa bei atakayo mnunuzi, ili apate fedha za Desemba. Twaona mwingine achukua vitu dukani kwa deni. Siku ya Noeli nyumba ina pilau na watoto wana viatu. Januari shule zafunguliwa, karo haipo, na viatu vile haviwezi kuliwa. Hapo baba na mama huanza kugombana, na mtoto hukaa nyumbani. Je, hiyo ilikuwa sikukuu ya Mwokozi, au ilikuwa sikukuu ya mwenye duka?

Wapendwa, liko tayarisho moja kubwa kuliko fedha, nasi twalitaja kwa huzuni. Malaika waliwaimbia wachungaji wa kondoo habari ya amani. Nchi yetu hii ina wachungaji wa ng'ombe na ina wakulima, na wote wanyweao ni wa mto mmoja. Mnakumbuka mwaka 2012. Mwezi wa Agosti watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji yakaendelea pande zote mbili, wafugaji na wakulima. Kisha tarehe 21 Desemba, siku nne tu kabla ya Noeli, kijiji cha Kipao kilivamiwa alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 30, na watoto walikuwa miongoni mwao. Makanisa ya Tana yaliimba nyimbo za Noeli mwaka ule hali makaburi yangali mabichi.

Basi tuulize: Noeli ya mwaka 2012 iliharibika lini? Haikuharibika tarehe 21 Desemba. Iliharibika pale mifugo ilipoingia shambani na hakuna aliyelipa. Pale malka, yaani njia ya mifugo kushukia mtoni, ilipozibwa kwa mashamba na hakuna aliyeketi kuzungumza. Pale neno baya liliposemwa sokoni likaachwa likue. Ufa ulikuwapo miezi mingi, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika amani hakuna kukopa siku ya mwisho. Haiuzwi dukani mkesha wa Noeli.

Nabii Isaya alisema habari ya njia ya Bwana kutengenezwa jangwani, mabonde yainuliwe na vilima vishushwe. Sisi wa Tana twaijua kazi ya njia. Twajua kwamba barabara haitengenezwi siku mgeni anapofika, wala haitengenezwi maji yakiwa juu yake. Hutengenezwa wakati wa ukavu, kabla ya mvua.

Kwa hiyo, ndugu zetu, katika majuma haya kabla ya vuli, twawaombeni mambo matatu. La kwanza, baba na mama waketi pamoja jioni moja, waandike mahitaji ya Januari kwanza, kisha ya Desemba. Karo itangulie viatu. La pili, kila nyumba itenge kitu kidogo kila juma, kibaba cha mpunga au shilingi chache, kwa ajili ya mtu asiyejiweza: mjane, mgonjwa, au jirani ambaye maji yatamhamisha. Ndivyo walivyofunga watu wa kale. La tatu, na hili ni gumu, kila mmoja wetu amtaje moyoni mtu mmoja ambaye hawasalimiani, awe Mpokomo au Morma au Mwardei, awe Mkristo au Mwislamu, naye aende kwake kabla mto haujajaa. Wazee wa kanisa nao waende kwa wazee wa wafugaji kuzungumza habari za malka sasa, kabla ng'ombe hawajafika wakiwa na kiu. Jirani aliyetuletea sahani ya Idi yafaa aipokee sahani yetu ya Noeli bila hofu.

Tukiyafanya haya, maji na yaje. Hata barabara ikikatika, na sukari ikikosekana, na wageni wa Mombasa wasifike, Noeli itatukuta tuko tayari. Mwokozi alipokuja mara ya kwanza hakukuta nafasi nyumba ya wageni, naye hakudai kitanda kizuri. Alitafuta mahali pa kulazwa tu. Mahali hapo twaweza kupaandaa tangu leo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemtuma Mwanao kwa wakati uliouweka tangu zamani, utufundishe kuhesabu siku zetu na mali zetu. Uwalinde watu wa mto huu na maji, na njaa, na upanga. Utupe mioyo ya kwenda kwa jirani kabla hatujachelewa, ili sikukuu ya Mwanao itukute katika amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.