Karavani bila umeme wa kuchomeka: piga hesabu kwanza, safari baadaye



Kila msimu wa likizo napata maswali yale yale kutoka kwa wadau walioko huku Uingereza: nimenunua karavani ya mtumba, nataka kwenda nayo sehemu tulivu, lakini hapo mahali hamna umeme, je nitaishi? Leo naweka kila kitu hapa, ili siku nyingine mtu akiuliza nimpe linki tu. Na wewe uliyeko Bongo au Kenya usikimbie, manake hesabu hizi ndo zile zile za sola ya kijijini, saluni au kibanda chako.

Nianze na kilichonikuta mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, tupo wanne kwenye karavani ya kuazima, shambani kwa mkulima mmoja huko Wales. Usiku wa kwanza raha tupu: taa zote zinawaka, TV inaendelea, laptopu inachajiwa, hita ya gesi inanguruma. Usiku wa pili, kama saa tano hivi, kimya. Taa zimefifia, pampu ya maji haisukumi, hita imezima. Na mtungi wa gesi umejaa! Baridi ikaanza kuingia. Mwenzetu mmoja akasema, jamani si tuingize lile jiko la mkaa tulilochomea nyama, bado lina moto. Mwingine akasimama mlangoni akakataa katakata. Tulivaa makoti yote tukalala tumebanana kama dagaa. Asubuhi tulikuwa na mafua, lakini tulikuwa hai. Kwa nini nasema hivyo nitaeleza huko chini.

KARAVANI NI NINI HASA?

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Motahomu ni gari lenyewe, nyumba ikiwa nyuma ya dereva. Waingereza wameanza haya mambo zamani: mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables alijengewa karavani ya kuvutwa na farasi kwa ajili ya matembezi tu, akaiita The Wanderer. Mwaka 1907 ikaanzishwa Caravan Club. Hao wazee hawakuwa na hata balbu moja ndani.

Siku hizi kambi nyingi zina nguzo yenye soketi ya bluu. Unachomeka waya wako, unapata umeme wa volti 230, mara nyingi ampea 16, kambi nyingine 10 au 6 tu. Ampea 16 ni kama wati 3,680, kwa hiyo birika la umeme linachemka bila wasiwasi. Lakini kuna mashamba madogo yanayopokea karavani zisizozidi 5, na baadhi hayana soketi yoyote. Huko ndo kuna utulivu, na mara nyingi bei ni ndogo. (Angalizo: usijiegeshee popote ukalala. Ardhi ina mwenyewe, omba ruhusa.)

Ndani ya karavani kuna mifumo miwili ya umeme. Wa volti 230 unatoka kwenye nguzo. Wa volti 12 unatoka kwenye betri, nao ndo unaendesha taa, pampu ya maji, feni ya hita na maji ya kusukuma choo. Usipokuwa na nguzo, umebaki na betri. Betri ikilala, nyumba nzima inalala.

BETRI NI PIPA LA MAJI

Ukubwa wa betri unaandikwa kwa ampea-saa. Zidisha kwa volti upate wati-saa. Betri ya ampea-saa 100: 12 x 100 = wati-saa 1,200. Usishangilie bado. Betri za kawaida za risasi na asidi hazitaki kunyonywa zaidi ya nusu. Ukizimaliza mara kwa mara zinakufa mapema, na hapo ndo watu wanaanza kulalamika kwamba wameuziwa betri feki. Kwa hiyo pipa lako la kweli ni wati-saa 600.

Utajuaje imebaki kiasi gani? Zima kila kitu, iache betri ipumzike saa chache, halafu ipime kwa mita. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.2 imefika nusu, acha hapo. Ikifika 11.8 umeshaiumiza.

Usichukue betri ya kuwashia gari ukadhani umeokoa hela. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, siyo kidogo kidogo usiku kucha. Omba betri ya matumizi ya muda mrefu.

Betri za lithiamu (zile za chuma na fosfati) ni habari nyingine: ni nyepesi zaidi na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake bila kuiumiza. Ubaya wake ni bei, zinataka chaja inayoendana nazo, na hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0. Huku Ulaya wakati wa baridi hilo siyo jambo la kupuuza.

HESABU YENYEWE

Chukua karatasi. Kila kifaa: wati zake mara saa unazotumia. Huu ndo ulikuwa usiku wetu kule Wales:

- Taa 4 za LED za wati 3, saa 4: 48
- Pampu ya maji ya wati 50, dakika 15: 13
- Simu 4, kila moja kama 15: 60
- TV ya wati 30, saa 3: 90
- Laptopu ya wati 50, saa 3: 150
- Feni ya hita ya wati 30, saa 6: 180

Jumla wati-saa 541. Pipa letu lilikuwa 600. Yaani tulikunywa karibu pipa lote usiku mmoja, halafu tukashangaa usiku wa pili hakuna kitu!

Sasa punguza: taa 2 tu (24), pampu vile vile (13), simu (60), laptopu saa moja (50), TV hamna, feni ya hita saa 3 (90). Jumla 237. Betri ile ile sasa inakupeleka siku mbili na nusu. Hujanunua chochote, umekaa chini na kalamu tu.

JOTO ACHIA GESI

Kanuni ya kwanza ya wazoefu: kitu chochote cha kutoa joto au kupoza kiende kwenye gesi. Kupika, kuchemsha maji, kupasha chumba, friji. Umeme wa betri ni wa mwanga, pampu na vifaa vidogo.

Friji nyingi za karavani zinatumia njia tatu: volti 230, volti 12 na gesi. Ndiyo, friji inapoza kwa moto! Ni ugunduzi wa vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Lakini sikiliza vizuri: friji hiyo ikiwa kwenye volti 12 inakula wati 100 na zaidi mfululizo. Hiyo ni kwa ajili ya barabarani, injini ikiwa inafanya kazi. Ukifika, hamishia kwenye gesi. Ukisahau, pipa lako la 600 halifiki hata saa sita. Friji za kompresa zina nafuu, lakini nazo zinaweza kula kama 400 kwa siku, kwa hiyo ziingize kwenye hesabu.

Kuhusu hita, hapa ndo tulipoumbuka. Hita nyingi za gesi zinategemea volti 12 kuendesha feni na mitambo ya kuwashia. Gesi ijae namna gani, betri ikifa hita inazima.

Na gesi yenyewe siyo moja. Butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, kwa hiyo usiku wa baridi kali mtungi unaonekana mzima na jiko haliwaki. Propani inaendelea kutoka hata kwenye baridi kali sana, manake inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Msimu wa baridi chukua propani.

KUJAZA PIPA

1. Sola. Hapa ndo watu wanadanganyana sana. Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa Uingereza inaweza kukupa kama wati-saa 400 kwa siku nzuri ya mwezi wa sita. Mwezi wa kumi na mbili, paneli ile ile itatoa kama 50 tu, manake siku ni fupi, jua liko chini na mawingu hayaishi. Nyumbani kwetu karibu na ikweta paneli hiyo inakupa kama 400 karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akikwambia "paneli moja inatosha", muulize kwanza anaishi wapi na anasafiri mwezi gani. Chunga pia kivuli: tawi moja la mti juu ya paneli linaweza kuua sehemu kubwa ya umeme. Na lazima kuwe na chaji kontrola kati ya paneli na betri. Ile aina ya MPPT ni ghali kidogo lakini inavuna zaidi.

2. Injini ya gari. Ukiendesha, alteneta inachaji. Kwa karavani ya kuvutwa, waya kutoka kwenye gari mara nyingi ni mwembamba na mrefu, kinachofika ni ampea chache tu. Magari mapya ya Ulaya, hasa yale ya kiwango cha Euro 6 yaliyoanza katikati ya miaka ya 2010, yana alteneta zinazoshusha volti ili kubana mafuta, kwa hiyo mfumo wa zamani wa swichi ya kawaida haujazi betri vizuri. Dawa yake ni chaja maalumu ya kutoka betri hadi betri. Ya ampea 30, ukiendesha saa moja, inaweza kurudisha hadi ampea-saa 30.

3. Jenereta. Ya mwisho kabisa. Ina kelele, inataka petroli, na kambi nyingi zinaikataza au zinaipangia saa. Ukitumia, iwe nje, mbali na milango na madirisha. Tafadhali sana.

INVETA NA TAMAA ZAKE

Inveta inageuza volti 12 kuwa 230 ili uchomeke vifaa vya nyumbani. Nzuri kwa laptopu. Ila inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 njiani, na ukiiacha imewashwa bila kifaa chochote bado inakula. Simu chaji moja kwa moja kwa USB ya volti 12.

Sasa birika la umeme la wati 2,000. Gawanya kwa 12: ampea 167. Ongeza zinazopotea, unafika karibu 185. Hakuna betri ndogo ya risasi itakayokuvumilia, na waya mwembamba utapata moto hadi uwake. Kwenye volti 12 wati chache tu ni ampea nyingi, kwa hiyo waya uwe mnene, mfupi, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, usifunge kipande cha waya. Nimeona mafundi wetu wanafanya hivyo na nyumba zinaungua.

SASA LILE JIKO LA MKAA

Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu mahali pa oksijeni. Unaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengi hawaamki. Hata makaa yaliyofifia bado yanaitoa. Karavani ni chumba kidogo, wakati wa baridi kila mtu anafunga kila tundu, kwa hiyo inajaa haraka. Nyumbani pia jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa limeshaua watu waliokuwa wanatafuta joto tu. Lile jiko letu lingeingia ndani usiku ule, leo pengine nisingeandika hapa.

Nunua kengele ya kugundua hewa hiyo, ni kitu kidogo, ibonyeze uijaribu kabla ya safari. Matundu ya hewa usiyazibe kwa matambara, hata baridi ikizidi. Yale ya sakafuni yana kazi yake: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, na hayo matundu ndo njia yake ya kutokea. Na betri za risasi zikichajiwa zinatoa hewa inayolipuka, kwa hiyo ziwe kwenye kisanduku chenye njia ya hewa kwenda nje.

KABLA HUJAONDOKA

- Andika vifaa vyote, piga hesabu ya siku moja, zidisha kwa idadi ya siku.
- Linganisha na nusu ya betri yako (au asilimia 80 kama ni lithiamu).
- Pungufu ikibaki, punguza matumizi kwanza, ndo uongeze paneli au betri.
- Chaji betri ijae nyumbani, kisha uipime.
- Jaribu kulala ndani usiku mmoja ukiwa uani kwako, bila kuchomeka kitu. Ukikwama, kitanda chako kiko hatua kumi.
- Beba mablanketi ya ziada. Hayahitaji volti.

Haya wadau, mlioko Ulaya mnaotumia karavani, na mafundi wa sola mlioko nyumbani, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Ukiweka swali, andika betri yako ni ya ampea-saa ngapi na una vifaa gani, tupige hesabu pamoja.