Birmingham, halmashauri iliyouza gesi na maji

Mwaka 1890 jarida la Harper's la Marekani lilichapisha makala ya Julian Ralph, mwandishi wa habari aliyeutembelea mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza. Ralph aliutangaza kuwa mji unaoongozwa vizuri kuliko yote duniani. Kilichomvutia ni halmashauri iliyokuwa ikiendesha yenyewe gesi, maji, mabafu ya umma na mfumo wa majitaka, ikiwa na madiwani waliochukulia kazi hizo kuwa heshima.

Miaka 60 kabla ya hapo hapakuwa na kitu cha kusifu. Birmingham ilikuwa ikifua bunduki, vifungo na nibu za kalamu zilizouzwa dunia nzima, lakini haikuwa na meya wala diwani hata mmoja. Barabara na taa zilisimamiwa na makamishna wa mitaa, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1769, na wananchi wa kawaida hawakuwa na kura ya kuwachagua. Wabunge wake wa kwanza iliwapata 1832. Hati ya kifalme ya kuunda halmashauri ikatolewa 1838, na Desemba mwaka huo wakachaguliwa madiwani 48.

Halmashauri hiyo changa haikupewa muda wa kupumua. Julai 1839 wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura walikusanyika katika uwanja wa Bull Ring, polisi wakaletwa kutoka London, ghasia zikazuka. Serikali kuu ikachukua usimamizi wa polisi wa mji na kuukalia hadi 1842. Tangu siku zile Birmingham ilijifunza kwamba mamlaka ya halmashauri ya Kiingereza ni ya kupewa na Bunge, na kinachopewa kinaweza kuchukuliwa.

Kwa miongo iliyofuata madiwani wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo walioona kila shilingi ya matumizi kama jeraha. Mikutano yao ya kupanga mambo ilifanyika katika kilabu cha pombe cha Woodman. Wakati huohuo watu wa mitaa ya mabanda walikunywa maji ya visima yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo.

Aliyevunja ubahili huo alikuwa Joseph Chamberlain, mzaliwa wa London aliyehamia Birmingham akiwa na miaka 18 kusimamia fedha za familia katika kiwanda cha skrubu. Aliingia katika halmashauri 1869 na akawa meya kuanzia 1873 hadi 1876. Mwaka 1875 aliishawishi halmashauri inunue kampuni mbili za gesi kwa takriban pauni milioni 2. Mwaka uliofuata ikanunua kampuni ya maji. Katika ununuzi huo kuna tofauti moja inayoonyesha fikra zake. Aliona ni halali gesi ilete faida, na faida hiyo iingie katika mfuko wa mji ili kupunguza mzigo wa kodi. Maji aliyakatalia faida kabisa, kwa sababu aliyahesabu kuwa afya ya watu.

Baada ya hapo alibomoa mabanda katikati ya mji na kupitisha barabara pana ya Corporation Street. Viwanja vyake halmashauri ilivikodisha kwa miaka 75 badala ya kuviuza, ili thamani yake irudi mikononi mwa kizazi kijacho. Ni lazima isemwe pia kwamba maskini waliobomolewa nyumba hawakujengewa nyingine za kuwatosha. Maduka yalipendeza, na waliofukuzwa wakajibana katika mitaa mingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua Chamberlain kwa sura nyingine. Akiwa waziri wa makoloni alifika Mombasa Desemba 1902 na kusafiri kwa Reli ya Uganda. Mwaka uliofuata serikali yake ikawapa viongozi wa Kizayuni pendekezo la kuwapa Wayahudi makazi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wenyeji hawakuulizwa. Mtu aliyepigania wakazi wa Birmingham wamiliki maji yao hakuona tatizo kugawa ardhi ya watu wengine.

Mji uliendelea na njia aliyoianza. Ulipata hadhi ya jiji 1889. Mwaka 1904 Mfalme Edward wa Saba alifungua mradi wa mabwawa ya bonde la Elan huko Wales, ambayo maji yake hushuka kwa mteremko tu, bila pampu, umbali wa kilomita 118 hadi Birmingham. Wakazi wapatao 100 wa bonde hilo walihamishwa, na kanisa na shule yao vikazama. Kisha 1919 ikaanza Benki ya Manispaa, wazo la Neville, mtoto wa Joseph, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu.

Mali hizo ziliondoka moja baada ya nyingine. Umeme na hospitali za halmashauri vilitaifishwa 1948, gesi 1949, na maji yakahamishiwa mamlaka ya kanda 1974. Hospitali zilizounganishwa chini ya huduma moja ya taifa ziliwafaa wananchi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, halmashauri iliyokuwa na vyanzo vyake vya mapato ilibaki ikisubiri ruzuku ya London.

Mwaka huohuo wa 1974, chini ya sheria ya 1972, Uingereza iligawa miji yake mikubwa nje ya London katika kaunti 6 zenye wilaya 36. Birmingham, iliyounganishwa na Sutton Coldfield, ikawa mojawapo ya wilaya 7 za West Midlands. Serikali ya Margaret Thatcher ilivunja mabaraza ya kaunti 1986, na kazi zao nyingi zikaangukia wilaya. Leo madiwani 101 wa Birmingham wanasimamia shule, nyumba, taka na matunzo ya wazee kwa watu zaidi ya milioni 1.1. Kiongozi wa halmashauri hutoka katika madiwani wenyewe. Lord Mayor ni wa sherehe tu, na kura ya maoni ya 2012 ilikataa kumchagua meya mwenye mamlaka.

Anguko la kifedha la halmashauri lilianzia katika mishahara. Kwa miaka mingi wazoa taka na wachimba makaburi, karibu wote wanaume, walilipwa bonasi ambazo wanawake wa usafi, wapishi wa shule na watunza wazee hawakuzipata, ingawa kazi zao zilikuwa za daraja moja. Sheria ya malipo sawa ilikuwepo tangu 1970. Maelfu ya wanawake walishinda katika baraza la kesi za kazi 2010, na Mahakama ya Juu ikawapa ushindi wafanyakazi wa zamani 2012. Halmashauri ililipa zaidi ya pauni bilioni 1, na bado Juni 2023 ilikiri kudaiwa kati ya pauni milioni 650 na 760. Mfumo mpya wa kompyuta wa hesabu nao ulikuwa umekwama na kumeza mamilioni.

Tarehe 5 Septemba 2023 ilitoa notisi ya kusitisha matumizi yote mapya yasiyolazimishwa na sheria. Oktoba serikali ikaleta makamishna wa kuisimamia, wakiongozwa na Max Caller. Kodi ya kila kaya ikapanda asilimia 9.99 mwaka 2024 na 7.49 mwaka 2025. Machi 2025 wazoa taka wakaanza mgomo kamili kupinga kufutwa kwa cheo ambacho halmashauri ilisema kingezaa madai mapya ya mishahara, na marundo ya mifuko yakajaa mitaani.

Wapo wanaowalaumu wanawake wale kwa kulifilisi jiji. Lawama hiyo si ya haki. Walidai ujira wa kazi waliyokwisha kuifanya, na deni lilivimba kwa sababu viongozi wa vyama vyote vikubwa walioshika halmashauri hiyo waliahirisha kulipa mwaka hadi mwaka.