Mukate wa Kuchoma na Fromaji: Namna ya Kupokea Mgeni Musonoi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu Musonoi mgeni akifika anapewa kiti na maji, kisha anangojea bukari. Lakini bukari na mboga vinaomba wakati. Katikati hapo ndipo unaingia mukate wa kuchoma na fromaji. Vijana wanasema: "Ile ni kitu ya Bazungu." Mimi nasema ni desturi yetu sasa, na historia yake inatuhusu.

Wazee wetu walikula mtama, mihogo na mahindi. Mukate wa ngano ulikuja na migodi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukazaliwa mwaka 1937. Musonoi ilikuwa kambi ya wafanyakazi. Kwa Wazungu wa kampuni, aliyekata mukate, kuuchoma na kuupeleka kwa wageni juu ya sahani alikuwa boyi. Nkambo wangu alikuwa mmoja wao. Jioni alirudi kambini na ujuzi ule, akamwonyesha bibi yake. Tusiwadharau watu hawa. Kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, chama cha waliokuwa maboyi kilitoa historia ya mji wao mwaka 1965, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chetu cha kila siku.

Gécamines ilichukua migodi mwaka 1967. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwezi wa Septemba 1990, na mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kuku wa mgeni akawa shida. Lakini wageni hawakuacha kuja.

Siku moja, nikiwa kijana, baba mukubwa alifika toka Likasi bila kutuarifu. Unga ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na mukate wa jana, mgumu, na vipande viwili vya Vache qui rit. Nikamwambia mama tuseme tu ukweli. Akajibu: "Mugeni hawezi toka mu nyumba kinywa bule." Akawasha mbabula.

Alifanya hivi, nasi tunafanya vile hadi leo. Ngojea makala yawe mekundu bila moshi. Kata mukate vipande vya unene wa kidole. Weka juu ya waya, geuza mara moja tu, usiondoke, maana unaungua upesi. Pakaa fromaji ungali moto. Ukiwa na fromaji ngumu ya Masisi, ikate nyembamba, weka juu, funika na kifuniko cha chungu mpaka ilainike. Ongeza nyanya, kitunguu na pilipili kidogo. Kata pembetatu, peleka na chai.

Baba mukubwa alikula, akasifu, akalala. Kesho yake ndipo alituambia kwamba alikuja kutafuta msaada, lakini aliona hali yetu akanyamaza. Mama hakuona haya, kwa sababu alikuwa amempokea.

Wafaransa wanauita mukate mgumu pain perdu, mukate uliopotea, nao wanauokoa kwa mayai na maziwa. Waitalia wanauchoma na kuupakaa kitunguu saumu na mafuta. Kila mahali ni akili ya nyumba isiyo na vingi. Basi, vijana, msiseme kitu ya Bazungu. Mukate uliletwa, ni kweli, lakini heshima ya mgeni tulikuwa nayo kabla ya mgodi wa kwanza kuchimbwa. Tuitunze.