Kupanua Mipaka ya Hima: Mafunzo Kutoka Zama za Makhalifa

  

Katika zama zetu serikali nyingi zimetenga mapori na malisho kuwa hifadhi, na mara kwa mara hupendekezwa mipaka ya hifadhi hizo isogezwe mbele. Wanaoishi pembezoni huuliza: ni kwa haki gani? Mtu anaweza kudhani suala hili ni geni katika dini yetu, ilhali lilijadiliwa Madina katika karne ya kwanza ya Hijra, na lilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi ya Khalifa wa tatu kabla hajauawa.

Hima kabla ya Uislamu na baada yake

Hima ni ardhi ya malisho iliyokingwa, asichunge humo kila mtu. Imam Ash-Shaafi'iy (aliyefariki 204H) ameeleza kuwa mkubwa wa Kiarabu zama za Jahiliyya, akifika penye majani mazuri, alimpandisha mbwa mahali pa juu abweke. Kila upande ambako sauti ilifika pakawa pake peke yake, na kwingine akachunga pamoja na watu. Aliyekuwa mashuhuri kwa jeuri hiyo ni Kulayb wa kabila la Taghlib. Alimpiga mshale ngamia aliyeingia katika hima yake, naye akauawa kwa sababu hiyo, na vikazuka vita vya Al-Basuus.

Uislamu ukaifuta hima ya namna hiyo. Katika Hadithi ya As-Sa'b bin Jaththaamah (r.a.), iliyomo katika Sahih al-Bukhaariy, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa hakuna hima ila ya Allah na Mtume Wake. Yeye (s.a.w.) alihifadhi An-Naqii' kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Al-Maawardiy (aliyefariki 450H) ametaja ukubwa wake kuwa maili 1 kwa maili 6.

'Umar na malalamiko ya wenye ardhi

'Umar (r.a.), aliyetawala kuanzia 13H hadi 23H, alihifadhi Ash-Sharaf na Ar-Rabadhah, nyika ya mashariki ya Madina ambako Abu Dharr (r.a.) alifia mwaka 32H. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, walioipigania zama za Jahiliyya na wakasilimu wakiwa juu yake. 'Umar mwenyewe alilikiri jambo hilo. Al-Bukhaariy amepokea kuwa alimpa usimamizi Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, akamuusia awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na wanyama wa 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf na 'Uthmaan bin 'Affaan. Hao wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini wanyama wake wakifa, atamjia Khalifa pamoja na watoto wake, na kumpa maji na majani ni wepesi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Kisha akaapa kuwa, lau si wanyama wa kubebea watu katika njia ya Allah, asingewazuilia watu wale hata shubiri moja ya nchi yao.

'Uthmaan na hima iliyoongezwa

Mwaka 35H ujumbe kutoka Misri ulimjia Khalifa 'Uthmaan (r.a.). Wakataka msahafu uletwe na ifunguliwe Surat Yuunus. Alipofika Aya ya 59, inayowakemea wanaojifanyia halali na haramu katika riziki ya Allah, wakamsimamisha: je, hima aliyoiweka, Allah amemruhusu au anamzulia? Akajibu kuwa Aya ile ilishuka kwa jambo jingine. Kwamba 'Umar aliweka hima kabla yake kwa ngamia wa zaka. Na kwamba zama zake ngamia hao walipoongezeka, naye akaiongeza hima kwa kadiri hiyo. Imepokewa pia kuwa aliwaambia kwamba mali yake ya wanyama, iliyokuwa nyingi kuliko ya Waarabu wote, ilikwisha, akabakiwa na ngamia wawili wa Hija yake.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba 'Uthmaan hakudai kuwa cheo chake kinamtosha kuwa hoja. Alitaja haja iliyozidi, akaonyesha kuwa yeye hanufaiki nayo.

Kauli ya wanavyuoni

Ash-Shaafi'iy ana kauli mbili: kwamba hima ilikuwa ya Mtume (s.a.w.) peke yake, na kwamba Imam baada yake anaweza kuiweka kwa maslahi ya Waislamu. Wanavyuoni wengi wamechukua hii ya pili, lakini kwa masharti. Al-Maawardiy anasema haifai kuhifadhi ardhi mfu yote au sehemu yake kubwa, wala kuwatengea matajiri na kuwazuia maskini, wala mtawala kutoza wafugaji malipo kwa malisho hayo.

Basi anayependekeza leo kusogeza mpaka ana la kujibu: haja gani imeongezeka, nani ananufaika, na mwenye mbuzi wachache ataingia wapi? Mpaka usiokuwa na jibu la maswali haya uko karibu zaidi na mbweko wa mbwa wa Jahiliyya kuliko hima ya An-Naqii'.

Wallahu a'lam.